Sanamu za Kauri za Wanyama: Kagua Masikio Kabla ya Jina

Mguu wa farasi wangu uliachia ndani ya karai, Jumapili asubuhi, nikimwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Haukuvunjika, uliachia tu. Gotini palikuwa na gundi ya njano iliyolainika kama ulimbo, na juu yake rangi ya kahawia imejikunja kama ganda la kitunguu. Nilimlipia pauni 85 kwenye gulio la vitu vya kale hapa Uingereza, na muuzaji aliniapia kwamba farasi hana hata mkwaruzo.

Kwa hiyo leo siongelei rangi za ukuta wala upangaji wa rafu. Kila mtu anajua mbwa wawili wanapendeza juu ya rafu ya meko, mmoja kila pembe. Naongelea matengenezo yaliyofichwa, maana wanunuzi hawayatazami. Sanamu ya mnyama ina masikio, pembe, mkia, mdomo na miguu, na vyote hivyo vinachomoza. Ikipita miaka 60 ya kufutwa vumbi na kuhamishwa nyumba kwa nyumba, hivyo ndivyo hugonga kwanza. Fundi akigundisha, akajaziliza, akapaka rangi na vanishi, kwa macho utasema ni kizima. Baada ya miaka kadhaa vanishi inageuka njano na gundi inachoka.

Mimi sasa silipi kabla ya kupitisha ukucha kwenye kila ncha. Kioo, yaani ule utando unaong'aa juu ya kauri, kilichochomwa tanurini ni baridi na kinateleza. Rangi ya kupaka haina ubaridi ule, na ukucha unashikashika. Kisha nagonga taratibu: kauri nzima kwa kawaida inalia kama kengele, yenye ufa inatoa sauti butu. Mwisho nawasha ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia, kama ya mawakala wa pesa wa kwetu. Gizani, mara nyingi palipotengenezwa panang'aa tofauti na mwili mwingine, kama doa la maziwa. Yangu niliinunua pauni 6. Ningekuwa nayo siku ile, farasi angebaki mezani kwa mwenyewe. Hawa hapa chini ni watengenezaji, nikianza na ninaowapenda zaidi.

1. Royal Copenhagen

Nawapenda hawa kuliko wote na sifichi. Kiwanda hiki cha Denmark kilianza 1775, na wanyama wake wengi wamepakwa rangi chini ya kioo: buluu ya ukungu, kijivu, kahawia hafifu. Hapo ndipo penye siri. Rangi ikiwa chini ya kioo, fundi anayeficha ufa hana budi kupaka juu yake, na kile kina cha rangi hawezi kukipata. Ukimwinamisha mnyama kwenye mwanga wa dirisha, kiraka kinajitokeza chenyewe. Halafu wengi wamekaa au wamelala, masikio yamebanwa kichwani, hakuna cha kugonga.

Mgeuze chini. Utaona mawimbi matatu ya buluu, ndiyo milango mitatu ya bahari ya Denmark. Kama kuna mkwaruzo uliokata mawimbi hayo, kiwanda chenyewe kinakuambia kwamba kipande hiki hakikufika daraja la kwanza. Hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia ukweli kwa uwazi namna hiyo. Tafuta pia kistari kidogo juu ya herufi mojawapo ya jina: jina lina herufi 15, na herufi hizo zinahesabu miaka 1935 hadi 1949, R ya kwanza hadi N ya mwisho. Wangu ana kistari juu ya P. Ni wa 1942.

2. Beswick

Wa Longton, Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya kauri Uingereza. Mchongaji wao Arthur Gredington aliingia pale 1939, na farasi na ng'ombe wake wana misuli ya kweli; ukimtazama ng'ombe unaona anavyoegemea mguu mmoja. Bata wao wa kutundika ukutani walianza 1938. Kampuni ilinunuliwa na Royal Doulton, kampuni nyingine ya kauri ya Uingereza, 1969, kiwanda kikafungwa 2002. Lakini farasi ana miguu minne myembamba na masikio mawili kama punje za mchele, na kahawia yake ni rahisi kuigiza. Nunua mnyama aliyelala. Farasi mnunue mkononi tu, kamwe si kwa picha.

3. Mbwa wa Staffordshire

Wale spanieli weupe, mbwa wa masikio marefu, wa karne ya 19 kutoka mkoa wa Staffordshire, Uingereza, jozi wakitazamana. Wengi hawana alama ya kiwanda, na nakala zao ni nyingi mno. Tazama tundu la chini: la kale kwa kawaida ni dogo, la nakala ya kisasa ni kubwa, hata kidole kinaingia.

4. Lomonosov

Kauri ya Leningrad, mji wa Urusi ambao sasa ni St Petersburg. Mhuri wa "Made in USSR" unakuonyesha ni wa kabla ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika. Wazuri, ila pitisha ukucha masikioni.

Wade, kiwanda kingine cha Uingereza: vidogo, bei ndogo, vinafaa kwa mtoto anayeanza kukusanya.

Na hawa wauzaji wananikera. Picha tano, zote za upande mmoja. Ukiomba ya mkia, kimya. Kwenye orodha za minada wanaandika A/F, herufi mbili zenye maana ya chukua ulivyokikuta, kisha juu ya bei ya nyundo, ile ya mwisho mnadani, wanakuongezea ada yao. Kitu kilichovunjwa na kupakwa rangi kinauzwa kwa bei ya kizima, ukirudi kulalamika unaambiwa ni cha kale, ulitarajia nini? Nilitarajia kuambiwa.

Farasi wangu yuko koridoni, maana mama akija kutoka Tanga hataki sanamu chumba anachosalia. Mguu nimeugundisha bila kupaka chochote, mstari unaonekana. Chini ya tumbo nimeandika kwa penseli: mguu wa mbele kushoto, uliachia, umegundishwa.