Kliniki ya moyo ya watoto Kisumu, nawapa tano
Wazazi wenye watoto waliozaliwa na shida ya moyo, hii kliniki iko sawa kabisa. Msichana wangu alipasuliwa kifua akiwa mdogo na sasa valvu, kile kilango cha moyo cha kuelekea mapafuni, inavuja, daktari akamfanyia eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, huku akimwonyesha damu kwa skrini, nyekundu na buluu, mtoto akasahau hata kulia. Halafu akatuchorea kwa karatasi vile valvu mpya inakunjwa kwa katheta, mrija mwembamba, na kupitishwa kwa mshipa wa pajani mpaka kwa moyo, kifua hakifunguliwi tena, kitu kilifanywa mara ya kwanza Paris mwaka wa 2000. Na akasema wazi si kila mtoto anafaa, wengine mishipa bado midogo. Hiyo ukweli niliipenda sana. Foleni tu ndio ndefu, fikeni mapema na mbebe ripoti zote za zamani.