Ukosi wa shanga wa Kimasai: ugeuze kwanza

Katika masoko ya Kimasai ya Arusha na Nairobi, muuzaji huanzia kwenye rangi. Nyekundu ni damu ya ng'ombe na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu mbingu iletayo mvua, kijani malisho. Anasema kweli, ila hata ukosi mbovu una rangi hizohizo. Ugeuze.

Kwa nyuma kuna mizunguko ya waya, mmoja nje ya mwingine, imeshikwa na vibanzi vilivyotobolewa. Zamani vilikuwa vya ngozi, sasa ni plastiki ngumu, na hilo halina ubaya kwa sababu ngozi ikilowa hujikunja. Ubaya ni matundu yaliyoachana kupita unene wa ushanga: mianya inatokea, na ukosi unapinda kama chapati iliyolala. Ulio mzuri hutulia bapa mezani, na ukiushika ukingo mmoja kisha ukautikisa, unadunda. Ndiyo kazi yake, mwanamke akirusha mabega ngomani uruke naye.

Angalia pia ncha za waya. Zikiachwa wazi zitakwaruza shingo, na waya wa bei poa hushika kutu kwa jasho, kutu ikatia doa kwenye shanga nyeupe.

Shanga zenyewe, bora ni za kioo za Jamhuri ya Cheki, namba 10, kipenyo cha milimita 2.3 hivi. Zinalingana, kwa hiyo mistari ya rangi haipindi. Gusisha moja kwenye meno: kioo ni baridi na kinalia kwa ukali, plastiki haina ubaridi na sauti yake imefifia. Kioo pia kina uzito zaidi ya mara 2. Ukipewa ruhusa, pangusa ushanga mmoja wa nyuma kwa pamba yenye asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Rangi ya kupakwa itabaki kwenye pamba. Plastiki nyingi zitanata.

Nyekundu ndiyo ya kuchunguzwa zaidi, maana ndiyo inayobeba ukosi. Katika misafara ya biashara ya karne ya 19 shanga nyekundu ziliitwa samesame, na kwa utani kivunja-mji, jinsi wanawake walivyozigombea.

Wa kuvaa harusini, lipia kioo. Wa kutundika ukutani, plastiki inatosha. Omba shanga 20 za akiba za kila rangi, kwa sababu nyekundu ya mzigo mwingine haitalingana na hii.