Kutafuta kila neno, au kusonga mbele?
Riwaya ya Kiingereza A Clockwork Orange ya Anthony Burgess (1962) inakupokea kwa maneno mageni tangu ukurasa wa kwanza. Mengi yametoka Kirusi: droog ni rafiki, moloko ni maziwa.

Ukisimama kutafuta kila neno unapata uhakika, lakini hadithi inakatikakatika.

Ukisonga mbele, unajifunza kama mgeni katika soko la Kibuye, Kisumu. Hapewi kamusi ya Kijaluo. Anasikia “omena”, anaona dagaa waliokaushwa, ameelewa. Neno likirudi mara tatu, limekaa. Mimi nachagua njia hii kwa moyo wote, maana Burgess alitaka lugha hiyo ya vijana wa hadithi yake ituingie polepole. Maana ya neno naitafuta tu nikishindwa kujua nani kamtendea nani nini.