Draiva Inayovuta Kushoto: Tathmini Baada ya Miezi Minane

Draiva ninayoitathmini hapa, yaani fimbo ya gofu ya kupigia mipira ya mbali, niliinunua ikiwa imetumika, katika duka moja la vifaa vya gofu jijini Nairobi, kwa shilingi 38,000. Chapa yake sitaitaja, kwa sababu kampuni nyingi kubwa hutengeneza fimbo ya aina hii, yaani ile iliyoundwa makusudi kumsaidia mchezaji ambaye mipira yake hupinda kulia, na lawama zangu haziwahusu watengenezaji bali muuzaji aliyeniuzia na mimi niliyekubali kuuziwa. Mimi hucheza kwa mkono wa kulia, hendikapu yangu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) ni 14, na tangu nianze mchezo huu mipira yangu hupinda kushoto, kosa ambalo wachezaji wenzangu huliita huki. Muuzaji hakuniuliza hilo. Aliniambia tu, "Mzee, hii itakuongezea yadi ishirini," nami nikatoa simu na kulipa.

Kwa miezi mitatu ya kwanza nilidhani nimebahatika. Mlio wake ni mzuri, kichwa kina ujazo wa sentimita za ujazo 460, ambao ndio ukomo unaoruhusiwa na kanuni, na hata mpira usiopigwa vizuri husafiri mbali. Viwanja vya Nairobi viko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari; hewa ya huko ni nyepesi, na hewa nyepesi huupunguzia mpira ule msukumo wa pembeni unaotokana na kuzunguka kwake, kwa hiyo mpira ambao pwani ungepotea kabisa, Nairobi huishia kwenye nyasi ndefu za kushoto na bado unachezeka. Mwezi wa Julai nikashuka nayo hadi Nyali, Mombasa. Mpira wa kwanza uliondoka kulia kidogo kwa lengo, kisha ulipofika kileleni ukageuka kushoto na kuzama kana kwamba umevutwa kwa kamba. Wa pili ukaufuata. Kufikia shimo la tisa nilikuwa nimepoteza mipira mitano, yote upande uleule.

Kedi wangu, mtu mzima ambaye amewabebea wachezaji mifuko ya fimbo kwa miaka mingi, hakusema neno mpaka shimo la kumi. Hapo akatoa mfukoni kopo la poda ya watoto, akaupaka uso wa fimbo mpaka ukawa mweupe, akasema, "Piga sasa, bwana, halafu tutazame." Hatukuwa mashindanoni, kwa hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa. Nilipopiga na kuigeuza fimbo, alama ya mpira ilikuwa wazi kwenye ile poda: duara safi, lakini limekaa karibu upana wa vidole viwili nje ya katikati, kuelekea kwenye ncha ya kichwa.

Alama hiyo ndiyo iliyonifanya niuelewe muundo wa fimbo yenyewe. Draiva ya aina hii huwekewa uzito zaidi upande wa kisigino, yaani upande ulio karibu na shafti (mti wa fimbo), na kwa hiyo kitovu cha uzito husogea huko. Mpira unapogonga upande wa ncha kuliko kilipo kitovu hicho, kichwa hujipinda kidogo kwa kuzunguka kitovu chake, uso unateleza kwenye mpira, na mpira huchukua mzunguko wa kinyume, kama magurudumu mawili yenye meno yanayoshikana, kisha hupinda kushoto. Uso wa draiva umetengenezwa na uvimbe kidogo ili mpira huo uanzie kulia na kurudi katikati, lakini kitovu kikishasogezwa kisiginoni, hata mpira uliopigwa katikati kabisa ya uso huhesabika kuwa umepigwa upande wa ncha. Kwa mtu anayepinda kulia, hiyo ni dawa. Kwangu mimi, ambaye tayari nilikuwa nikigonga nchani, ilikuwa dozi juu ya dozi.

Shafti iliongeza yake. Ni nyepesi na laini, na shafti inapojikunja kuelekea mbele karibu na mpira, uso hujifunga, yaani hugeukia kushoto. Halafu palikuwa na jambo ambalo muuzaji alipaswa kuliona: mwenye fimbo wa kwanza alikuwa ameizungusha ile bushi ya kurekebishia shingoni hadi kwenye lofti, yaani mwinamo wa uso, ya juu kabisa. Watu wengi hudhani kwamba kuongeza lofti huinua mpira tu, ilhali katika fimbo nyingi za namna hii, ukiiweka fimbo chini kwa kawaida, kuongeza lofti huufunga uso, na kuipunguza huufungua. Nilikuwa nikitembea na fimbo iliyokwisha kugeukia kushoto kabla sijaigusa. Baada ya mchezo nilichukua ufunguo wake, nikairudisha lofti chini mpaka ufunguo ulipolia tak, na kesho yake mipira ikapungua kupinda kwa takriban theluthi moja, kwa makisio ya macho yangu. (Marekebisho hayo hayaruhusiwi raundi ikishaanza, kwa hiyo yafanywe kabla ya pigo la kwanza.)

Theluthi mbili zilizobaki zilikuwa zangu. Niliporudi Nairobi nilikwenda kwa mwalimu mwenye mashine ya rada, ambayo ilionyesha kwamba fimbo yangu ilikuwa ikisafiri digrii 6 kulia kwa lengo wakati uso ulikuwa ukitazama digrii 1 tu kulia. Mpira huanza safari yake kwa kufuata zaidi uso kuliko njia ya fimbo, kisha hupinda kulingana na tofauti kati ya hivyo viwili. Tofauti ya digrii 5 kwa draiva ni huki kamili. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umegeuzwa mno juu ya kishikio, kiasi kwamba nikitazama chini niliona vifundo vinne vya vidole, na nyonga zangu zilisimama kabla ya mpira huku mikono ikiendelea kujipindua peke yake. Baya zaidi ni kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikijipanga kulia ili kuipa huki nafasi, na kila nilivyozidi kujipanga kulia ndivyo njia ya fimbo ilivyozidi kutoka ndani kwenda nje, yaani kuelekea kulia.

Mwalimu aliweka mfuniko wa kichwa cha fimbo nyuma ya mpira, upande wa miguu yangu, akaniambia nisiuguse. Siku ya kwanza niliugonga karibu kila mara. Kisha akanigeuzia mkono mpaka vibaki vifundo viwili. Ben Hogan, aliyeshinda US Open mara 4, kati ya mwaka 1948 na 1953, aliteswa na huki kabla ya kuurudisha mkono wake wa kushoto upande wa kushoto juu ya kishikio, na habari hiyo ilinifariji kuliko inavyostahili.

Kwa yeyote ambaye mpira wake huondoka kushoto kisha hukatika kulia, draiva hii ni fimbo nzuri na ningeipa alama 4 kati ya 5. Moja naiondoa kwa ajili ya shafti yake. Kwa mwenye huki, hata mshiko ukisharekebishwa, naipa 1. Dukani, dai kupiga mipira kumi ukiwa na poda kwenye uso wa fimbo, na uangalie bushi imewekwa wapi kabla ya kuzungumzia bei. Yangu nimemuuzia jirani mwenye slaisi, yaani mipira ya kupinda kulia, kwa shilingi 30,000, pamoja na ufunguo wake, na Jumamosi iliyopita alinipita kwa yadi kumi na tano, katikati ya feawei, ile njia ya nyasi fupi.