Kitulo wakati wa mvua: kutembea na mwongozaji

Kitulo ni hifadhi ya uwandani, kwenye nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Nianze na msimu, maana huo ndio unaoamua kama utashuka unasifia au unanung'unika. Julai barabara ni kavu na gari halikwami, lakini utakuta nyasi zimekauka na baridi ya kugandisha maji. Maua ya Kitulo ni ya mvua, Desemba hadi Aprili. Sisi tulipanda Februari.

Usafiri ndio ulionikera. Waliotukodisha gari Mbeya waliahidi gari la kuvuta matairi yote manne, asubuhi wakaleta Noah. Kwa zile kona 57 za kutoka Chimala hadi Matamba, karibu na hifadhi, kwenye tope? Tulibishana mpaka likaletwa jingine, ila asubuhi yetu ilikuwa imeshaliwa. Asubuhi yenyewe ni mali kule: mapema unaliona bonde la Usangu lote chini yako, mchana ukungu unafunika kila kitu.

Mwongozaji tuliyempata hifadhini, huyo nampa alama zote. Peke yangu ningeona rangi tu: mashada mekundu na ya njano yaliyosimama kama mienge, na maua meupe yaliyotapakaa hadi upeo wa macho. Yeye alikuwa anapiga goti. Alitufunulia nyasi, akatuonyesha okidi ya kijani isiyozidi kidole, ambayo tulikuwa karibu kuikanyaga. Zipo aina 45 za okidi hapo juu, ndani ya mimea isiyopungua aina 350, na nyingi hazijipambi kwa wapita njia. Akatueleza habari za chikanda: viazi vya okidi vilivyokuwa vikichimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia, kule wanavisaga na kuvipika kama mkate. Uchimbaji huo ulichangia kufanya uwanda huu uwe hifadhi ya taifa mwaka 2005. Baada ya hapo kila mtu alianza kuangalia anapoweka mguu.

Njia si ngumu, ni vilima vya kupanda taratibu, lakini uko mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mwenzetu wa Dar alihema tangu mwanzo, na ndege aitwaye tandawala aliporuka mbele yetu, yeye alishukuru tu kwamba tumesimama. Vaeni buti zisizopitisha maji. Raba zinalowa kwa umande kabla mvua haijaanza. Koti la mvua ni lazima, mwavuli upepo utauchukua.

Matamba kuna nyumba za wageni za kawaida. Maji ya moto yanaletwa kwa ndoo, blanketi ni nzito, viazi vina ladha mno. Sikutegemea zaidi.

Kama shida yako ni kumwona kipunji, yule nyani aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2003, usimtafute uwandani. Anaishi kwenye msitu wa Livingstone, na hiyo ipangie siku yake.