Laptopu ya mtumba baada ya Windows 10: ipi uchukue, ipi uache

Shemeji aliniita duka moja karibu na stendi ya Moshi nikamkagulie laptopu kabla hajatoa hela. Muuzaji mchangamfu kweli. "Kaka, hii Core i7, Windows 11 nimeshaipiga, laki nne na nusu tu." Hakudanganya hata neno moja. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika msinfo32, dirisha la taarifa za mashine likafunguka, nikashuka mpaka mstari wa prosesa: i7-4600U. Nikairudisha mezani. Shemeji akanitazama kama mtu aliyemwagiwa chai.

Tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi cha prosesa. i7-4600U ni kizazi cha nne, mashine ya enzi za 2013. i5-8250U ni cha nane. i5-10210U ni cha kumi, maana hapo unasoma tarakimu mbili. Kwa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo i3 ya kizazi cha nane ina maisha kuliko i7 ya kizazi cha nne, hata stika ing'ae vipi.

Sasa ile Windows 11 ilifikaje kwenye mashine ya kizazi cha nne? Mafundi wanajua kuruka ukaguzi wakati wa kupiga Windows. Inawaka na inafungua Word, ila Microsoft haimhakikishii mwenye mashine hiyo masasisho, na toleo kubwa likitoka kwa kawaida haliji lenyewe. Utarudi kwa fundi na flashi yako, na fundi hafanyi bure.

Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana wengi wanadhani ni maneno tu. Kinachotokea ni kwamba matundu ya usalama yanayogunduliwa baada ya hapo hayazibwi, isipokuwa kwa aliyejiunga na masasisho ya ziada, nitakayoyataja namba tatu. Fikiria kompyuta ya steshenari: asubuhi flashi ya mwanafunzi, mchana ya katibu wa kanisa, jioni mtu anajaza maombi ya mkopo wa HESLB na kuacha nywila yake humo humo. Waliobaki na Windows 7 wanakumbuka Chrome ilivyowagomea mwaka 2023.

Huu ndio mpangilio wangu.

Namba moja ni laptopu ya ofisi iliyotumika, kizazi cha nane au zaidi. ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490. Zilitengenezwa kwa ajili ya maofisa wa makampuni, kwa hiyo zina kibodi imara, RAM (kumbukumbu ya kazi) unaongeza mwenyewe, na diski unabadilisha kwa bisibisi. T480 ina betri mbili, ya ndani na ya nje, na ya nje unaichomoa kama ya simu za zamani. Lakini usinunue kwa jina: T480 na 840 G5 zilitoka pia na prosesa za kizazi cha saba, kama i5-7300U, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Msinfo32 kwanza, bei baadaye.

Jambo la pili, izime halafu uiwashe ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP au F2 kwa Dell. Ikiomba nywila asiyoijua muuzaji, bado ina kufuli la kampuni ilikotoka. Muachie. Akisema "hiyo tunaitoa kesho", mwambie utarudi kesho.

Kisha betri. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, ufungue faili itakayotokea. Linganisha ujazo iliotoka nao kiwandani na ujazo inaoshika sasa. Ikiwa chini ya nusu, hapo una hoja ya kushusha bei. Muuzaji atakwambia betri inakaa saa tano. Wote husema saa tano.

Namba mbili ni kutonunua. Kama yako ni kizazi cha tatu hadi cha saba na kioo bado kizima, weka SSD (diski ya kasi), ongeza RAM ifike GB 8, kisha weka Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows. Haiuzwi, ni ya bure, na toleo la 22 litahudumiwa hadi 2029. Kwa intaneti, kuandika barua, kuchapa na kuangalia mpira inatosha kabisa. Nimemwekea mama mmoja mwenye steshenari Ngarenaro, Arusha. Swali alilouliza ni moja tu, picha ya wajukuu imeenda wapi. Mhasibu mwenye Excel iliyojaa makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe, asiiguse.

Namba tatu ni kuvuta muda. Microsoft inatoa masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bure ukisawazisha mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Lazima uwe na toleo la 22H2, la mwisho la Windows 10. Hii inamfaa mtu anayesubiri mavuno au ada ya muhula ipite. Mpango huo si wa kampuni. Zenyewe zina wa kwao, na bei hupanda kila mwaka.

Namba nne ni ile mpya ya dirishani yenye Celeron (prosesa ya Intel ya bei nafuu), RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Windows 11 inakubali, boksi linanukia upya. Lakini RAM mara nyingi imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, na hifadhi inajaa kabla ya wiki ya pili. Kwa hela hiyo narudi namba moja.

Chromebook, laptopu zenye mfumo wa Google, zilizotoka mashuleni Marekani ni za bei rahisi, ila kila modeli ina tarehe yake ya kuacha kupata masasisho. Itazame kwenye mipangilio kabla ya kulipa. MacBook Air ya 2017 ni nzuri kwa picha za Instagram. Mfumo wake uliishia Monterey, toleo la macOS la mwaka 2021.

Shemeji hatimaye alipata T480 Arusha, karibu na Soko Kuu: i5-8350U, herufi A na S zimefutika kwenye kibodi. Betri ya nje ilikuwa inashika asilimia 41, muuzaji akapunguza elfu thelathini. Tulimwomba aandike namba ya prosesa kwenye risiti ya EFD. Alikunja uso, lakini aliiandika.