Gmsh na kona ya bomba: tathmini ya programu huria ya kutengeneza wavu

Anayeiga mtiririko wa maji kwa kompyuta hutumia sehemu kubwa ya muda wake katika kazi ambayo haionekani kwenye picha za mwisho, yaani kuchora umbo la mahali maji yanapopita na kuligawa umbo hilo katika maelfu ya vijumba vidogo tunavyoviita seli. Seli hizo zikiunganishwa ndizo zinazounda wavu. Wavu ukiwa mbovu, hata OpenFOAM, ambayo ni programu huria inayotumika sana kukokotoa mitiririko, itatoa majibu yanayopendeza machoni lakini yasiyofaa kusanifia chochote. Kwa sababu hiyo nimeona ni vyema kuitathmini Gmsh, programu ninayoitumia kutengeneza nyavu, kwa kufuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kona ya nyuzi 90 ya bomba la maji lenye kipenyo cha milimita 100, ambalo mstari wake wa kati unapinda kwa nusukipenyo cha milimita 150, maji yakienda kwa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde.

Gmsh ni kazi ya Christophe Geuzaine na Jean-François Remacle, watafiti wa Ubelgiji, ambao makala yao ya kuieleza ilichapishwa mwaka 2009. Inatolewa bure kwa leseni huria ya GPL. Faili lake la kupakua ni dogo, halihitaji kusimikwa, na ukishalifungua unaanza kazi. Kompyuta yangu ya mpakato ina kumbukumbu ya gigabaiti 8, na haikulemewa hata mara moja.

Umbo lenyewe nililichora kwanza kwa FreeCAD, programu huria ya usanifu iliyofikia toleo la 1.0 mwezi Novemba 2024. Hapa anayeanza anapaswa kukumbuka jambo moja, kwamba kinachochorwa ni maji na si bomba. Nimewaona vijana hodari wakichora unene wa chuma kwa uangalifu mkubwa, kisha wakashangaa kuona wavu wao umejaa ndani ya chuma na kuacha njia ya maji tupu. Ukichora duara na kulipitisha kwenye mstari uliopinda, unapata gogo la maji lililo imara, na hilo ndilo la kuhifadhi katika STEP, muundo wa faili wa kubadilishana michoro kati ya programu, na kulipeleka Gmsh.

Mtego wa pili ni wa vipimo. FreeCAD huhesabu kwa milimita, Gmsh hupokea namba hizo bila kuzibadili, na OpenFOAM huzisoma kama mita. Bomba langu la milimita 100 likawa handaki la mita 100, na namba ya Reynolds, inayoonyesha jinsi mtiririko ulivyo na msukosuko, iliyopaswa kuwa 150,000 ikawa milioni 150. Hakuna programu iliyolalamika. Dawa yake ni kuupunguza wavu mara elfu moja kwa amri ya OpenFOAM iitwayo transformPoints, na tangu siku ile hiyo ndiyo amri ninayoihakikisha kabla ya nyingine yoyote.

Wavu wa kwanza niliuacha Gmsh iutengeneze yenyewe. Ilijaza gogo lile kwa piramidi za pembetatu zenye ukingo wa milimita 4, zikafika takriban milioni 1.8, nami sikuhitaji kufanya zaidi ya kubofya mara mbili. Wepesi huo unavutia, lakini una gharama. Maji yanapopita kwenye kona husukumwa kuelekea upande wa nje, yakarudi ndani yakifuata ukuta, na hivyo huzaliwa mizunguko miwili inayozunguka kwa kupingana, ambayo inaitwa kwa jina la Dean, mwanahisabati aliyeichambua mwaka 1927. Mizunguko hiyo ndiyo chanzo kikubwa cha upotevu wa shinikizo katika kona. Kwenye wavu wa piramidi, nyuso za seli hazifuati mwelekeo wa maji, kwa hiyo ukokotoaji wenyewe huongeza mtawanyiko ambao haupo katika maji halisi, na mizunguko ile hufifia mapema kuliko inavyostahili.

Nikaachana na FreeCAD kwa kazi hii na kuliandika umbo lote kwa lugha ya Gmsh yenyewe, katika faili la maandishi la kurasa mbili hivi. Hapa ndipo programu hii ilipoonyesha thamani yake. Duara la mlango wa bomba nililigawa vipande vitano: mraba katikati, ambao pembe zake ziko milimita 30 kutoka kitovu, na vipande vinne vinavyouzunguka hadi ukutani. Kila upande wa mraba ulipata migawanyo 16, na kutoka mraba hadi ukuta nikaweka tabaka 12, la kwanza ukutani likiwa na unene wa takriban milimita 1 na kila linalofuata likiongezeka kwa uwiano wa 1.09. Unene huo sikuubahatisha. Kwa kasi ile, kitovu cha seli kikiwa milimita 0.5 kutoka ukutani, umbali wake kwa kipimo cha y+, yaani umbali kutoka ukutani ukilinganishwa na tabaka jembamba la maji yanayozuiwa na ukuta, huwa karibu 34, ambao unaingia katika eneo la kuanzia 30 ambamo kanuni za ukuta za modeli ya msukosuko, yaani fomula zinazokadiria mwendo wa maji karibu na ukuta, hufanya kazi ipasavyo.

Kisha uso huo wenye seli 1,024 niliuvuta kwenda mbele kwa hatua 80, nikauzungusha nyuzi 90 kwa hatua 60, nikauvuta tena kwa hatua 140. Jumla ni seli 286,720, zote za pande sita na zote zikifuata njia ya maji, yaani chini ya sehemu moja ya sita ya idadi ya piramidi. Nilipozipima kwa checkMesh, chombo cha OpenFOAM cha kukagua wavu, pembe mbaya kuliko zote kati ya mstari unaounganisha vitovu vya seli mbili jirani na mstari unaosimama wima juu ya uso wao wa pamoja ilikuwa chini ya nyuzi 50, ilhali chombo hicho huanza kuonya kwenye nyuzi 70. Zaidi ya hayo, nikitaka kona yenye nusukipenyo cha milimita 200 nabadilisha namba moja, naendesha faili upya, na wavu mpya uko tayari kabla sijanyanyua kikombe cha chai. Umbo lililochorwa kwa mkono halikupi raha hiyo.

Programu hii ina kasoro, nazo zinachosha. Ukizipa majina nyuso za kuingilia, kutokea na ukuta, lakini ukasahau kuupa jina ujazo, Gmsh itahifadhi nyuso peke yake bila kukuonya, na gmshToFoam, amri ya kuhamishia wavu OpenFOAM, itakuambia kwamba haijaona seli hata moja. Katika matoleo kadhaa ya OpenFOAM, amri hiyo inataka muundo wa zamani wa toleo la 2, si ule ambao Gmsh huhifadhi kwa kawaida. Hata baada ya kuhama salama, ukuta husajiliwa kama uso wa kawaida, na ni lazima ufungue faili la boundary uandike wall kwa mkono wako. Mambo haya yote yametawanyika katika mwongozo mrefu wa Kiingereza, na mwanafunzi asiye na mtu wa kumuuliza anaweza kupoteza wiki nzima.

Kasoro kubwa zaidi ni tabaka za ukutani katika maumbo yasiyo ya kawaida. Kwa michoro bapa Gmsh huziweka vizuri, lakini kwa umbo la pande tatu lenye matawi na pembe kali haina njia ya kutegemewa. Kwa mwili wa vali, kwa mfano, mimi hurudi FreeCAD, nikahifadhi nyuso kwa STL, muundo wa faili unaoeleza uso kwa pembetatu ndogo, kisha nikatumia snappyHexMesh inayokuja pamoja na OpenFOAM, ambayo huchonga wavu wa michemraba, ikauvuta ugusane na ukuta, halafu ikapachika tabaka. Nayo huziacha tabaka hizo zikatike kwenye kona kali, hivyo lazima ukague kwa macho. Salome, iliyotoka kwa mashirika ya Ufaransa EDF na CEA, inaunganisha uchoraji, wavu na tabaka za ukutani mahali pamoja, lakini inazidi gigabaiti moja na ni nzito kwa kompyuta kama yangu.

Kwa mabomba, mifereji na chochote kinachoweza kuelezwa kwa kuvuta au kuzungusha uso mmoja, naipendekeza Gmsh bila kusita, kwa sharti kwamba umbo uliandike na usilibofye. Faili langu la kona sasa linatumika kwa vipenyo vitatu tofauti ofisini kwetu, na kijana aliyelirithi ameshaliongezea kona ya pili.